Mashini ya Wote

Mashini iliingia kituoni kwetu kupitia dirishani, kwa sababu mlango ulikuwa mwembamba. Ilitoka Bujumbura kwa barabara, ndani ya masanduku ya mbao, na wanaume waliokuja Jumamosi ile kwa salongo, ile kazi ya bure ambayo serikali ilitulazimisha sote, waling'oa fremu ya dirisha, wakaipitisha polepole kama watu wanaobeba mgonjwa. Kituo chetu cha utafiti kilikuwa katika nyumba ya zamani ya mkoloni mmoja, huku Nyalukemba, Bukavu, chini karibu na ziwa. Chumba walichokichagua kilikuwa na sakafu kavu kuliko vyote. Kilikuwa chumba changu. Mizani yangu ya kupimia watoto ilihamishiwa gereji, ikawekwa kando ya magurudumu mabovu.

Direktere wetu alisimama ndani ya abakosi yake mpya, lile koti lisilovaliwa na tai, akaweka mkono juu ya sanduku la ile mashini, kompyuta ambayo sisi tuliiita ordinatere.

"Basitwayeni," alisema, maana miaka ile ya Zaïre tulikuwa tumekatazwa kuitana bwana na bibi, sote tulikuwa raia, "hii ordinatere haiko ya mutu moja. Iko ya bote."

Tukapiga makofi. Tulipiga makofi kwa kila kitu siku zile. Kila asubuhi kabla ya kazi tulicheza na kuimba mbele ya bendera, kwa hiyo mikono yetu ilikuwa imeshazoea.

Mimi nilikuwa servisi ya lishe, yaani idara nzima. Nasema nilikuwa servisi, kwa sababu daktari wa kigeni aliyeianzisha alimaliza mkataba wake akaenda kwao, na hakuletwa mwingine. Nilibaki peke yangu na kichwa cha karatasi kilichoandikwa "Servisi ya Lishe". Kazi yangu ilikuwa kupanda milima ya Kabare na Walungu wakati wa kiangazi, kupima uzito wa watoto, kuzungushia utepe mikono yao, na kuwauliza mama zao walipika nini jana na juzi. Mwisho wa kiangazi nilitakiwa kusema ni vijiji gani vitaumwa na njaa kwanza mvua zikianza, wakati maharagi ya zamani yameisha na mapya bado ni majani. Kulikuwa na kamati mjini iliyokuwa na ghala la unga wa soya na maziwa ya unga. Walikuwa na lori moja. Lori lile lilipaswa kwenda nilikosema mimi.

Hesabu yake haikuwa ngumu kuielewa, ila ilikuwa ndefu: kila mtoto kulinganishwa na alivyokuwa mwaka uliotangulia, kila kijiji na jirani zake, kila mlima na mvua yake. Kwa mkono ingenimaliza. Kwa mashini, kama ingekuwa yangu peke yangu, ningeianzisha asubuhi na kuchukua majibu kabla ya kwenda nyumbani.

Lakini haikuwa yangu peke yangu. Mashini ilikuwa moja, na nyaya zilitoka kwake kwenda vyumba mbalimbali, kila chumba na kioo chake, tulichokiita ekra, na vidude vya kuandikia. Ukikaa mbele ya kioo ungedhani una mashini yako. Kumbe akili ilikuwa moja tu, inarukaruka kati yetu, kidogo kwa huyu, kidogo kwa yule. Mkiwa wachache ilikimbia. Mkiwa wengi ilitambaa.

Aliyeichunga tulimwita operatere. Alikuwa Mulega wa Mwenga, wa umri wangu, baba yake alichimba zahabu, na yeye alisomea mambo hayo Kinshasa. Alikuwa mtu wa maneno machache mbele ya wakubwa, na wa maneno mengi mbele ya chai. Mwezi wa kwanza watu waligombana mlangoni kwake. Watu wa servisi ya mvua walilia kwamba wa servisi ya udongo wameikalia mashini tangu juzi, wa udongo wakasema uhasibu umewasukuma, na wote walikuwa wanasema kweli. Ndipo akatengeneza kanuni yake. Aliniambia habari zake tukiwa tumekaa kwenye ngazi za nyuma, tunakula mahindi ya kuchoma.

"Kule kwetu, maman, bachimbaji beko na mufereji moja wa maji. Bila maji hauwezi kuosha muchanga. Sasa, kama mukubwa anafungulia maji kwake kila siku, bengine banakufa njaa juu ya zahabu yao. Njo sababu kuko sheria: ule alikunywa maji mingi jana, leo anangoja. Ule alingoja, leo anapita mbele."

"Na ule alikunywa mingi, anangoja milele?"

"Hapana. Siku zikipita, banamusahaulia pole pole. Kama hapana vile, ataiba."

Akaiandika sheria hiyo ndani ya mashini. Kila mtu mwenye jina ndani yake alianza na haki sawa. Uliyetumia sana ulirudishwa nyuma, uliyekaa kimya ulisogezwa mbele, na kila siku mashini ilisahau kidogo ya jana. Direktere aliikubali mkutanoni, tukapiga makofi, na safari hii makofi yale yalistahili.

Mwaka ule wa kwanza ulikuwa mwema, na nausema ili isionekane kwamba nina chuki na chuma. Niliposhuka kutoka milimani na makaratasi yangu yenye vumbi, nilikuwa sijaigusa mashini miezi mingi, kwa hiyo ilinipa nafasi mbele ya wote. Majibu yalitoka kwenye mashini ya kuchapa, kwenye karatasi ile ndefu yenye mistari na matundu pembeni, na kamati ikayapokea kama maandiko matakatifu. Mwenyekiti wao aliishika kwa mikono miwili. Lori likaenda upande wa Walungu, barabara mbaya mno, dereva akanitukana njia nzima. Tulifika kwenye vijiji vile kabla watoto hawajavimba miguu. Wanawake walipokea unga, wakauweka chini, wakarudi shambani kupalilia. Hakuna aliyelia, hakuna aliyeimba. Njaa iliyozuiliwa haionekani; wewe unayejua ndiye tu unayeketi kando ya barabara ukiwa na furaha ya kijinga.

Kituoni, lakini, kulikuwa na mtu ambaye kanuni ilimuuma. Alikuwa mkuu wa servisi ya maharagi, profesere aliyesomea Ulaya, mtu safi, msomaji, mwenye sauti ya padri. Alikuwa na wasaidizi wengi, na alikuwa na kaka mkubwa ndani ya Chama, pale mjini, ambaye ndiye aliyetupatia mafuta ya magari wakati hayapatikani. Profesere alitaka kutoa aina mpya ya maharagi. Kazi yake ilikula mashini kama moto unavyokula nyasi, kwa hiyo kila aliporudi alijikuta nyuma ya mstari. Siku moja alimjia operatere, nami nilikuwapo.

"Hii haki," aliuliza kwa upole, "iko ya servisi ao iko ya mutu?"

"Ya kila mutu, Profesere. Kila mutu mwenye jina mu mashini."

"Muzuri sana," alisema, akatoka.

Baada ya siku chache alileta majina ya wasaidizi wake wote. Ilikuwa haki yao, wakaandikishwa. Kisha akaleta jina la dereva wake. Kisha mlinzi wa shamba la majaribio. Kisha mama aliyekaa kwenye mkeka uani akichagua maharagi, mabovu huku, mazuri huku. Operatere alisitasita, akaenda kumuuliza direktere, na direktere akajibu kwamba hao wote ni wafanyakazi wa kituo, na mashini ni ya wote.

Basi kazi ile moja ya profesere ikakatwa vipande, kila kipande kikavishwa jina la mtu. Mashini haikujua. Iliona umati wa watu wanyonge, kila mmoja akiomba kidogo tu, na ikawahurumia wote sawasawa.

Nilimwendea yule mama wa mkekani. Tulikuwa tunasalimiana kila siku.

"Maman, unajua uko na kazi mu ordinatere? Leo jina yako iko mbele yangu."

Aliinua uso, akacheka akidhani namtania. "Mimi? Kazi yangu iko hii maharagi, maman. Kule ndani sijafikaka hata siku moja. Banasema kuko baridi."

Kiangazi cha mwaka wa pili kilikuwa kibaya. Kilichelewa kwisha, na mihogo ya watu wengi ilikuwa imepatwa na ugonjwa wa majani. Nilipima watoto nikijua nikionacho. Mikono ilikuwa myembamba kwenye milima ambayo mwaka uliotangulia haikuwa na shida. Kwenye mlima mmoja wa Kabare mwanamke mmoja alinikabidhi mtoto wake wa kiume, wa mwaka mmoja na kitu, akanishika kiwiko nilipokuwa nasoma utepe.

"Unaandika hivi, kisha?"

Nikamwambia ukweli kama nilivyoujua. Kwamba mjini kuna mashini inayoweza kuwaona watoto wote wa milima kwa pamoja, na itasema nani asaidiwe kwanza.

"Basi ituone," alisema.

Nilishuka Bukavu, nikaingiza hesabu yangu. Nilingoja. Kwenye kioo kazi yangu ilikuwa imesimama kama mtu aliyekwama kwenye matope. Umeme ulikatika mara kwa mara, na kila ulipokatika tulianza tena, mimi jina langu moja, wao umati wao. Operatere aliona. Hakunificha kitu. Tulikwenda pamoja kwa direktere, na operatere akatoa dawa aliyokuwa ameshaifikiria: haki igawanywe kwanza kwa servisi, kila servisi fungu lake, kisha ndani ya servisi watu wagawane wenyewe. Hapo hata ukiandikisha ukoo wako mzima, fungu lako haliongezeki.

Direktere akaitisha mkutano. Nilidhani jambo lilikuwa wazi kama mchana. Profesere alisimama, akafunga kifungo cha abakosi, akazungumza bila hasira yoyote.

"Servisi yangu iko na bantu bengi. Servisi ya maman huyu iko na mutu moja, yeye mwenyewe. Munataka mutu moja akamate fungu sawa na bantu bote bale? Basaidizi bangu hawako bantu? Njo haki gani hiyo?"

Watu walitikisa vichwa kumkubali. Nakiri hata leo kwamba swali lake, kama angeuliza mtu mwingine, mahali pengine, lilikuwa swali zuri. Ndiyo maana lilinikasirisha. Mwongo anayesema uongo unaweza kumshika shati. Anayesema kweli kwa ajili ya uongo anateleza mkononi.

"Profesere," nilisema, "nyuma yangu kuko batoto ba milima muzima."

"Batoto habakae mbele ya ekra, maman."

Walicheka. Si wote, lakini wa kutosha.

"Na mama anayechagua maharagi kule inje," nikamuuliza, "yeye anakaaka mbele ya ekra?"

Mkuu wa servisi ya mvua alitazama viatu vyake. Wa udongo, aliyekuwa amelia sana mwaka uliotangulia, alikuwa ameshaahidiwa nafasi kwenye gari la profesere kwenda shambani, naye akakuta kitu cha kusoma. Direktere alitazama saa yake, akasema kwamba Zaïre haina watu wakubwa na watu wadogo, kila raia ana haki yake, na kwa hiyo kanuni itabaki ya mtu mmoja mmoja kama tulivyoipigia makofi. Kisha tukaipigia makofi tena. Mimi sikupiga. Sidhani kuna aliyeona.

Nikajaribu kwa mkono. Operatere alikuja nyumbani kwetu siku za Jumapili baada ya misa, akaleta mashini ndogo ya kuhesabia ya mfukoni, mume wangu akawachukua watoto kwenda ziwani, na sisi tukatandaza makaratasi juu ya meza ya kulia. Tuliacha mengi. Tulichagua tu milima iliyonitisha. Mwishoni nilikuwa na majibu, si kamili, lakini ya kweli, kwa mwandiko wangu mzuri niliofunzwa na masista. Niliyapeleka kwa kamati.

Mwenyekiti aliyageuza mbele na nyuma.

"Ya mwaka jana ilikuwa ya ordinatere," alisema.

"Ordinatere iko na kazi mingi, Papa. Lakini hesabu iko ile ile."

"Maman, mimi ninakuamini. Lakini nikipeleka hii kule juu, batauliza: huyu mwanamuke alichagua kwao? Ordinatere haina kwao. Leta karatasi ya ordinatere."

Nilirudi kungoja. Mvua zikaanza. Kamati haikuweza kungoja, nayo ilikuwa na sababu: barabara zinakufa na mvua, na chifu mmoja wa barabara kuu alikuwa ameshawaandikia kwa heshima nyingi. Lori likaenda kwake. Barabara nzuri, mapokezi mazuri, ngoma. Mahali pale watu walikuwa na ndizi mpaka mlangoni.

Operatere alilisikia hilo. Asubuhi iliyofuata, sote tukiwa bado tunaimba mbele ya bendera, yeye hakuja kuimba. Alikuwa ndani, na peke yake alibadilisha kanuni: fungu kwa kila servisi. Mpaka jioni umati wa profesere ulikuwa umekuwa mtu mmoja, na kazi yangu ikakimbia. Nilisimama kando ya mashini ya kuchapa nikitazama karatasi inavyojikunja ndani ya sanduku, vijiji vyangu kimoja baada ya kingine. Milima tuliyoichagua mezani kwangu ilikuwa pale juu, karibu kwa mpangilio ule ule.

Niliikimbiza kwa kamati. Ghala lilikuwa tupu. Mwenyekiti aliishika karatasi kwa mikono miwili, kama mwaka uliotangulia, akaniambia ni kazi nzuri sana, ataiweka.

Profesere hakupiga kelele. Alipanda tu kwenda mjini kumsalimu kaka yake. Operatere akaandikiwa kwamba amegusa mali ya umma bila ruhusa, akapelekwa Shabunda, kwenye ofisi ndogo isiyo hata na umeme, kuhesabu magunia ya mbegu. Nilimsindikiza mpaka uwanja wa ndege. Alikuwa na mke mjamzito na godoro lililofungwa kamba.

"Ungeniacha tu," nilimwambia. "Karatasi yenyewe ilichelewa."

"Haikukuwa juu yako, maman," alisema. Alikuwa na hasira kidogo kwamba nilidhani hivyo. "Ile sheria ilikuwa yangu. Baliifanya kuwa muongo. Singeweza kuiangalia kila siku."

Nilipanda Kabare wakati mvua zilipotulia. Hakuna aliyenituma, gari halikutolewa, nikaenda kwa lori la soko kisha kwa miguu. Yule mwanamke nilimkuta anapalilia. Mgongoni hakuwa na mtoto. Aliniona, akasimama, akaegemea jembe, na hakunikaribisha. Nilikuwa nimeshajua kutoka kule chini njiani, kwa namna mgongo wake ulivyokuwa mwepesi alipoinama.

"Ulisema mashini itaona batoto betu," alisema. "Iliona?"

Ningemwambia nini? Kwamba iliona? Ndiyo, iliona. Iliona vizuri sana, ila mbele ya mwanawe ilikuwa na dereva, na mlinzi, na mama wa mkekani ambaye hajui kama aliwahi kusimama kwenye mstari. Nikasema, "Ilichelewa, maman." Akaendelea kupalilia. Nikateremka. Nilipita kwa wengine pia. Sitawaandika hapa.

Yale maharagi yalitoka mwaka uliofuata. Yalipewa jina la kujivunia na sherehe, na magunia ya mbegu yakagawanywa. Wanawake waliyalima msimu mmoja, wakayaacha. Yalizaa vizuri, lakini chunguni hayakuiva. Yalikula makaa mpaka ukachoka kungoja. Hilo lingeweza kuulizwa kwa mama yeyote mwenye sufuria, bila mashini.

Mimi niliacha kituo. Nilikwenda kufundisha wauguzi, kazi niliyoifanya mpaka nilipozeeka. Mashini nayo haikudumu: kipande kimoja kiliharibika, kingine kikaagizwa, hakikufika, na vioo vikachukuliwa kimoja kimoja na watu wasioulizwa. Operatere nilimwona mara moja, Nyawera, karibu na soko, miaka baadaye. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio. Tulifurahi, tukaulizana habari za nyumbani, akanionyesha binti yake. Nilipotaka kuanza habari za kituo, akainamia redio aliyokuwa ameifungua.

"Tuseme ingine, maman," alisema.

Profesere alipandishwa cheo, akaenda Kinshasa. Alirudi Bukavu kwa mazishi ya mama yake, na Jumapili moja tulikutana mlangoni mwa kanisa kuu. Alikuwa amezeeka vizuri. Alinitambua mara moja, akanishika mkono kwa mikono yote miwili, mwenye furaha ya kweli. Sidhani alikuwa na kitu chochote moyoni dhidi yangu.

"Na batoto, maman? Beko namna gani?"

Alikuwa anauliza wangu. Nikamjibu wako salama, wanasoma, kwa sababu ndivyo mtu anavyojibu mlangoni mwa kanisa. Nikampa pole ya mama yake. Tulipokuwa tunateremka kwenda nyumbani mume wangu aliniuliza yule mzee ni nani.

"Mtu wa kazini," nikamwambia.